Namna ya Kupunguza Uzito na Kuacha Vyakula vya Karai Ukiwa na Kazi Nyingi

Mtu anayetoka nyumbani Mamboleo saa kumi na mbili asubuhi, akashinda kazini katikati ya jiji la Kisumu na kurejea saa mbili usiku, mara nyingi hanenepeshwi na chakula cha mchana wala cha usiku. Ukimwomba ataje alichokula, atakuambia ugali, sukuma wiki na kipande cha samaki, na hatakuwa amesema uongo. Asichokitaja ni kile kilichopita mdomoni kati ya saa tisa alasiri na saa moja jioni: chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari na mandazi mawili yaliyoletwa na mama wa chai, soda aliyokunywa akimsubiri mteja, smokie (soseji ndogo) aliyoinunua steji wakati matatu ikingoja abiria, na chipsi alizowabebea watoto ambazo zilifika nyumbani zikiwa nusu. Vitu hivi havihesabiwi kuwa mlo, ndiyo maana havikumbukwi, na ndivyo vinavyopanua kiuno cha mtu ambaye kwa maelezo yake mwenyewe hali kitu.

Mwongozo huu umejengwa juu ya saa hizo nne. Simwombi msomaji aamke alfajiri kwenda jimu, wala atafute vyakula ambavyo havipatikani sokoni Kibuye. Ninachosisitiza ni kwamba mwenye shughuli nyingi hana budi kuamua atakachokula kabla njaa haijamfikia, kwa sababu mtu aliyechoka na mwenye njaa hula kilicho karibu, na kilicho karibu Kondele au nje ya lango la ofisi jioni huwa ni karai la mafuta yanayochemka. Maamuzi hayo yanahitaji saa mbili za Jumapili na dakika kumi kila usiku.

Hesabu inayotosha

Kilo moja ya mafuta ya mwilini huhifadhi takriban kalori 7,700, kwa hiyo anayetaka kupunguza nusu kilo kwa wiki anapaswa kula kalori zipatazo 550 pungufu ya zile anazotumia kila siku. Kiasi hicho huonekana kikubwa mpaka ukipime kwa vitu vya barabarani. Soda ya nusu lita ina sukari inayokaribia gramu 50, yaani vijiko vya chai kama kumi na viwili, na kalori 200 hivi. Mandazi makubwa mawili yaliyokaangwa katika mafuta mengi yanaweza kuleta nyingine 400. Aliyekuwa akivitumia kila siku, kisha akaviacha bila kugusa kitu kingine chochote katika ulaji wake, ameshafika. Ni kweli kwamba mwili unapopungua hutumia nguvu kidogo kuliko awali, hivyo kasi ya mwezi wa kwanza haidumu, lakini hesabu ya kuanzia ni hiyo.

Inafaa pia kuelewa kwa nini karai limechukua nafasi kubwa hivi katika maelezo haya. Gramu moja ya wanga au ya protini hutoa kalori 4, ilhali gramu moja ya mafuta hutoa 9, na kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia, yawe ya alizeti au ya mawese, hubeba kalori kama 120. Gramu 100 za viazi vilivyochemshwa zina kalori zisizofika 90. Viazi hivyohivyo vikikatwa na kutumbukizwa karaini hufikia karibu 300 kwa uzito huohuo, kwa kuwa maji yaliyokuwa ndani yametoka na mafuta yakaingia. Kiazi chenyewe hakina kosa. Nimelirudia jambo hili kwa watu wengi, kwa sababu wanaoanza kupunguza uzito hukimbilia kuogopa ugali na viazi vitamu, huku wakiendelea kukaanga mboga kwa robo kikombe cha mafuta, kisha hushangaa kwamba mizani haisogei.

Kuhusu sukari, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari inayoongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu yote itokanayo na chakula, na kwamba ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25 kwa siku. Soda moja ni maradufu ya kiwango hicho. Wale ambao hawanywi soda wasifurahi mapema: vikombe vinne vya chai vyenye vijiko vitatu kila kimoja vinafikia gramu 48.

Kabla ya kuanza, jipime. Gawanya uzito wako wa kilo kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa urefu huohuo. Mtu wa kilo 82 mwenye urefu wa mita 1.65 anapata 30, kiwango ambacho huhesabiwa kuwa unene wa kupindukia, wakati kiwango cha kawaida ni kati ya 18.5 na 24.9. Kisha upime kiuno kwa tepu ya fundi wa nguo. Kikizidi sentimita 80 kwa mwanamke au 94 kwa mwanamume, mafuta ya tumboni yameanza kuwa hatari kwa moyo na kwa sukari ya damu, hata kama uzito wenyewe haujazidi sana. Asiye na mizani anaweza kupimwa katika kituo cha afya, au na wahamasishaji wa afya ya jamii ambao tangu mwaka 2023 wamekuwa wakipewa mikoba yenye vifaa vya kupima uzito, presha na sukari. Usijiwekee lengo la kilo thelathini. Kupunguza asilimia 5 ya uzito, ambayo kwa huyo wa kilo 82 ni kilo nne, hutosha kuleta nafuu inayopimika.

Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari, mjamzito, anayenyonyesha na mwenye vidonda vya tumbo wazungumze na daktari kwanza. Kupunguza chakula bila kurekebisha dawa za kisukari kunaweza kuishusha sukari ya damu hadi mtu akazirai.

Jumapili sokoni na jikoni

Kibuye hufurika watu siku ya Jumapili, na kwa wengi wenye kazi za wiki nzima huo ndio wakati pekee wa kununua chakula bila haraka. Nunua kwa mpangilio: kwanza vitu vya protini, kisha mboga, kisha vitafunio vya alasiri, na mwisho unga. Mpangilio huo una sababu. Pesa zikiisha, kilichokosekana kiwe unga, ambao utaupata katika duka lolote la mtaani siku yoyote.

Kwa protini, mtu wa eneo hili ana bahati ambayo haitambui. Omena, yaani dagaa, iliyokauka vizuri haihitaji friji, huliwa pamoja na mifupa yake na kwa hiyo huupa mwili madini ya chokaa, na inashibisha kuliko nyama ya bei mara tatu yake. Ichambue, ioshe kwa maji ya moto mara mbili au tatu hadi mchanga uishe, kisha uikaushe katika sufuria kavu juu ya moto mdogo bila mafuta mpaka harufu kali ipungue. Ikishapoa, ihifadhi katika mkebe wenye kifuniko. Siku ya kazi utahitaji tu kuichemsha na nyanya, kitunguu na kijiko kimoja cha mafuta kwa dakika kumi na tano. Mayai nayo hukaa bila friji kwa siku kadhaa, mradi yawe mahali penye kivuli na uyachemshe usiku wa kuamkia siku utakayoyala.

Maharagwe yanahitaji tahadhari zaidi. Mwenye friji anaweza kuloweka kilo moja Jumamosi usiku, akayachemsha Jumapili bila mafuta, na kuyagawa katika mikebe midogo ya mlo mmoja mmoja. Kilo moja kavu huzidi kilo mbili ikiiva, kiasi kinachomtosha mtu mmoja wiki nzima, na mikebe ya siku za mwisho iwekwe kwenye barafu. Asiye na friji asijaribu jambo hilo, kwa maana joto la Kisumu huyachachusha upesi maharagwe yaliyoiva. Badala yake anunue ndengu, ambazo huiva bila kulowekwa, na apike za siku moja tu. Wakazi wa Nakuru, walio juu zaidi na kwenye baridi, wanapata nafuu kidogo ya muda, ingawa hata huko sufuria isiachwe mezani usiku kucha.

Kinachowashinda watu katika mboga za kienyeji ni kuchambua. Fungu la saga au la managu linaweza kuchukua saa nzima, na mtu aliyerudi nyumbani saa mbili usiku hawezi kulikabili. Atakaanga kabichi au ataenda kununua chipsi. Suluhisho ni la aina mbili. La kwanza ni kununua mboga zilizochambuliwa tayari, kwa kuwa kina mama wengi sokoni watakuchambulia kwa nyongeza ndogo ukiwapa muda wa kuzunguka na kununua vitu vingine. La pili ni la wazee wa Nyanza wenyewe: osuga na dek, yaani managu na saga kwa Kijaluo, huchemshwa kwa wingi, maji machungu yakamwagwa, kisha mboga hizo zikatiwa maziwa kidogo na kuchemshwa upya kila jioni kwa siku mbili au tatu, na kadiri zinavyolala ndivyo uchungu unavyopungua na ladha kukolea. Zinapaswa kuchemka kabisa kila zinaporudishwa jikoni, si kupashwa moto tu. Kwa anayepunguza uzito ninashauri maziwa yatumike badala ya malai, na chumvi iwekwe mara moja tu, siku ya mwisho.

Mrenda nao usisahauliwe. Upikwapo na kunde na magadi kidogo, kama wanavyoupika Kakamega na Busia, hauhitaji mafuta hata tone, na unasaidia ugali mdogo ushuke vizuri. Anayeudharau kwa sababu ya utelezi wake anajinyima mojawapo ya mboga chache ambazo hazikudai kitu.

Kuhusu unga, nitasema jambo ambalo wauzaji hawalipendi. Ugali wa wimbi au wa mtama haupunguzi uzito kwa sababu ya rangi yake. Kalori zake zinakaribiana na za ugali wa mahindi. Faida yake ni nyuzinyuzi, ambazo huchelewesha njaa na kumfanya mtu aridhike na kipande kidogo. Ukiula kwa ukubwa uleule uliouzoea, umelipia rangi. Kipimo kinachofaa kwa mtu anayepungua ni kipande kisichozidi ngumi yake, huku nusu ya sahani ikiwa mboga na robo ikiwa omena, maharagwe, samaki au kuku.

Kila usiku, kabla ya kulala, tenga dakika kumi za kufunga mkoba wa kesho: mayai mawili yaliyochemshwa au kiazi kitamu, tunda moja, njugu zilizopimwa na chupa ya maji. Ukiliacha jambo hili hadi asubuhi halitafanyika.

Kati ya saa tisa na saa moja

Sasa tufike kwenye zile saa nne. Kanuni ya kwanza ni kula kwa makusudi kabla njaa haijakuandama. Saa tisa na nusu au saa kumi, hata kama hujisikii kula, toa kile ulichobeba ukile umekaa. Mayai mawili yana kalori kama 150 na gramu 12 za protini, na yatakufikisha nyumbani bila kutetemeka. Njugu karanga zinafaa, lakini zipimwe nyumbani: gramu 30, ambazo ni kiganja kimoja cha mkono, zina kalori 170, na mtu akinunua mfuko mzima na kuumaliza akiwa anatazama kompyuta atakuwa amekula mlo kamili. Kiazi kitamu kilichochemshwa kikapoa, ndizi mbivu au mapera mawili vinatosha kwa anayefanya kazi ya kukaa.

Kanuni ya pili inamhusu mama wa chai. Yeye ni mfanyabiashara, na huleta mandazi kwa sababu ndiyo yanayonunuliwa. Mwambie asubuhi, kwa heshima na mapema: "Mama, kesho nitakuomba uniletee nduma ya kuchemsha badala ya mandazi, nitalipa bei ileile." Wenzako wawili au watatu wakisema vivyo hivyo, wiki inayofuata beseni lake litakuwa na nduma, viazi vitamu na mayai. Kuhusu chai yenyewe, punguza sukari kwa nusu kijiko kila wiki. Ulimi huzoea polepole, na mtu anayekata vijiko vitatu kwa siku moja kwa kawaida huvirudisha ndani ya siku chache.

Kanuni ya tatu ni ya joto. Kisumu iko karibu sana na ikweta na mchana wake unachosha, na anachotafuta mtu saa nane au tisa alasiri mara nyingi ni ubaridi, wala si sukari. Jaza chupa ya maji robo tatu, igandishe usiku, na uibebe ikiwa barafu. Itayeyuka taratibu na kukupa maji baridi hadi alasiri. Asiye na friji anaweza kununua maji baridi mahali palepale anaponunua soda. Maji ya matunda ya pakiti hayafai kuwa mbadala, kwa kuwa mengi yana sukari inayolingana na ya soda, na vinywaji vya kuongeza nguvu ambavyo waendeshaji wengi wa bodaboda hunywa ili wasisinzie viko vivyo hivyo. Anayekunywa soda kila siku ashuke hadi mara tatu kwa wiki, kisha moja ya Jumamosi. Kuacha ghafla kunawezekana, ila wengi huumwa kichwa siku za kwanza ikiwa ni zile zenye kafeini.

Kanuni ya nne ni ya njia unayopita. Ukijua kwamba kituo unachopandia matatu kimepakana na duka la chipsi, tembea hadi kituo kinachofuata. Usisimame mahali penye harufu kisha ukajisifu kwa ujasiri wa kutonunua. Ujasiri huo utakuwepo Jumatatu na Jumanne, na Alhamisi mvua ya jioni ikinyesha hautakuwepo.

Wala barabara yenyewe si adui. Pembeni mwa karai kuna anayechoma mahindi, kuna anayeuza mayai ya kuchemsha na kachumbari, kuna tikiti maji na nanasi lililokatwa, na mahali pengine mihogo ya kuchemsha. Mahindi choma ni kitafunio kizuri kwa aliyekwama katika foleni, kwani huchukua muda kutafunwa na hayana mafuta. Smokie ndiyo ninayoikataa bila masharti, hasa ikiviringishwa katika chapati. Mbali na mafuta na chumvi, ni nyama iliyosindikwa, na mwaka 2015 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliziweka nyama za aina hiyo katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani. Anayekula moja mara chache hatadhurika kwa hilo, lakini ya kila jioni ni jambo jingine.

Zimebaki chipsi za watoto. Mzazi anayezibeba kila Ijumaa hujidanganya kwamba amewanunulia wao. Afadhali zipikwe nyumbani: chemsha viazi na maganda yake hadi vikaribie kuiva, vikate, uvigeuze katika kikaango chenye vijiko viwili vya mafuta hadi viwe na rangi ya hudhurungi, na uvile na kachumbari. Watoto watalalamika wiki ya kwanza.

Ukifika nyumbani, usianze kwa kuonja sufuria ukiwa umesimama. Kaa, anza na mboga, na ujipe kama dakika ishirini kabla ya kuongeza, kwa sababu ndio muda ambao mwili huchukua kutambua kwamba umeshiba.

Wanaofanya kazi usiku, kama wauguzi na walinzi, wana saa zao za hatari, ambazo ni kati ya saa nane na saa kumi alfajiri. Hao wale mlo wao mkubwa kabla ya kwenda kazini, wabebe uji wa wimbi usio na sukari katika chupa ya chai, na wakirudi asubuhi wale kidogo na kulala katika chumba chenye giza. Usingizi mfupi huongeza homoni za njaa na kumfanya mtu atamani vitu vitamu na vya mafuta. Aliyelala kwa muda wa saa nne tu atashindwa na mipango yote iliyoandikwa hapa, na hilo si udhaifu wa tabia.

Mchana kibandani

Chakula cha vibandani ni kizuri kuliko sifa yake. Agiza ugali mdogo, mboga mara mbili, na maharagwe, ndengu au samaki wa kuchemsha. Mwambie anayekupakulia kabla hajashika sahani, kwa sababu akishapakua utaona haya kurudisha. Ukienda kula ngege au mbuta kando ya ziwa, uliza kama anaweza kuchomwa au kuchemshwa. Samaki wa kukaangwa kisha akarudishwa katika mchuzi wa mafuta amepita karaini mara mbili. Anayekunywa bia baada ya kazi aijumlishe pia: chupa ya nusu lita ina kalori zinazokaribia 200, bila kuhesabu nyama choma inayofuata.

Kutembea

Mazoezi hayawezi kulipia ulaji mbaya. Mtu wa kilo 80 akitembea kwa haraka nusu saa atatumia kalori kama 150, ambazo smokie moja inaweza kuzirudisha. Hata hivyo, tembea kwa ajili ya moyo, usingizi na kulinda misuli isiyeyuke pamoja na mafuta. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 kwa wiki. Shuka kituo kimoja au viwili kabla ya nyumbani siku tano za wiki, utembee nusu saa, na utakuwa umezipata bila kutenga saa maalumu.

Watu watakaokuzunguka

Hii ndiyo sehemu ambayo miongozo mingi huiruka, ilhali kwetu ndiyo inayowaangusha watu. Katika sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya, mwili mnene bado husomwa kuwa dalili ya maisha mazuri, na anayepungua huulizwa kwa sauti ya chini kama anaumwa. Ukipoteza kilo tano, jirani atakuuliza, "Mbona umekonda hivyo, kuna shida nyumbani?" Jiandae na jibu fupi lisilofungua mjadala: "Hapana, mama, daktari aliniambia nilinde presha." Kutaja presha hunyamazisha maswali kuliko kutaja urembo, na kwa wengi wetu ni kweli.

Kisha kuna safari za mwisho wa wiki: matanga, harusi, mikutano ya chama, ziara kwa wakwe. Kukataa chakula cha mwenyeji ni kumvunjia heshima, na sishauri mtu afanye hivyo. Kukataa nyongeza ni jambo tofauti. Mama mkwe akisema, "Mwanangu, ongeza ugali," jibu, "Asante sana mama, nimeshiba, ila mboga zako nitaongeza," na uongeze kweli. Kuku wa kienyeji wa kuchemsha aliyepikwa kwa ajili ya mgeni si tatizo. Tatizo ni chapati nne, soda mbili na keki vinavyofuatana naye. Chagua kimoja kati ya hivyo. Usiende matangani ukiwa na njaa, kwa maana chakula huchelewa, na mtu aliyesubiri hadi saa kumi atakula cha watu wawili.

Nyumbani, mwambie mwenzi wako unachojaribu kufanya kabla ya Jumapili ya kwanza ya kupika. Anayepika akipewa taarifa baada ya kuona sahani yako imeachwa nusu ataelewa kwamba chakula chake hakikupendeza.

Uzito ukisimama

Jipime mara moja kwa wiki, asubuhi ileile, kabla ya kula. Mizani ya kila siku itakuchosha, kwa sababu maji na chumvi hupandisha na kushusha kilo moja bila mafuta kubadilika. Tarajia wiki za kwanza zishuke haraka, kwani sehemu ya kinachopotea ni maji, kisha kasi ipungue hadi nusu kilo au chini ya hapo.

Kasi hiyo ikikukera, usikimbilie chai na vidonge vya kupunguza tumbo vinavyouzwa mitaani na mtandaoni. Chai nyingi za aina hiyo zina majani ya kuharisha, ambayo hutoa maji na kuacha mafuta palepale. Baadhi ya vidonge vimepatikana na sibutramini iliyofichwa, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara yake kwa moyo.

Uzito ukisimama kwa wiki tatu, andika katika daftari kila kitu unachokula na kunywa kwa siku saba, hasa kati ya saa tisa na saa moja, ukitaja vijiko vya sukari na vya mafuta. Mara nyingi utakuta kipimo cha mafuta jikoni kimerudi kuwa cha kukadiria, njugu zimeacha kupimwa, au soda ya Jumamosi imekuwa ya Jumatano pia. Rekebisha hayo kwanza kabla ya kupunguza chakula zaidi. Ukikuta hayapo, peleka daftari hilo kwa mtaalamu wa lishe katika hospitali ya kaunti, pamoja na orodha ya dawa zote unazotumia, kwa kuwa baadhi ya dawa huongeza uzito, na umwombe akueleze kama unahitaji kupimwa tezi ya shingo.